Programu Inapoomba Kupishwa

Wanunuzi wa intaneti katika pwani hii na bara yake wamekwisha kuzoea kuuliza masuali mawili tu, bei ni kiasi gani na kasi ni kiasi gani. Na kampuni zinazouza huduma hiyo, madhali hayo ndiyo zinayoulizwa, hujibu hayo hayo katika mabango yao, kana kwamba kila kinachopita ndani ya mkongo ni cha aina moja. Lakini filamu inayopakuliwa usiku ili itazamwe kesho haidhuriki kwa kuchelewa sekunde tatu, ilhali maneno ya mama anayezungumza na mwanawe aliye Maskati yakichelewa nusu ya muda huo huwa si mazungumzo tena, bali ni watu wawili wanaokatizana. Kwa hiyo liko suali la tatu, ambalo katika biashara hii huenda lina fedha nyingi ndani yake kuliko yale mawili, nalo ni hili: programu inapoueleza mtandao kwamba ina haraka, na kuomba ipishwe, mtandao uitendee vipi? Uikubalie kila iombapo, uikatae, uiuzie nafasi hiyo, au uitafutie njia nyingine ambayo haimdhulumu aliye nyuma yake katika foleni?

Mchuuzi mmoja wa intaneti wa Mombasa, ambaye kazi yake ni kununua njia moja kubwa kwa jumla na kuigawa kwa rejareja katika majumba ya ghorofa ya Majengo na mitaa ya jirani, analo la kusema katika suali hili, na alilisema kwa kirefu, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, maadamu anayemlalamikia ndiye huyo huyo anayemuuzia. Anasema kwamba mchana biashara yake haina neno. Wateja huperuzi, hutuma picha, hulipa ada za shule, na hapana anayempigia. Ni baada ya Isha, watu wakisha kula na watoto wakisha kushika simu, ndipo malalamiko yanapoanza kumiminika: sauti inakatakata, picha imeganda, kiduara kinazunguka tu, na mwanamke wa ghorofa ya tatu ambaye mumewe yuko Jedda hampati ila vipande vipande. Wateja hao hawamlaumu mwenye mkongo, kwa sababu hawamjui. Humlaumu yeye anayepita kila mwisho wa mwezi kukusanya fedha. Alipoyapeleka malalamiko hayo kwa anayemuuzia, jawabu alilopewa lilikuwa ni kununua uwezo zaidi, naye akanunua, hali ikatengenea kwa muda, kisha ikarudi pale pale, kwa kuwa programu za kupakua na za kuonyesha sinema zina tabia ya kutanuka hadi kuijaza kila nafasi zinayoipata.

Ndipo akafanya lile ambalo vitabu vya ufundi vinaelekeza. Katika ruta yake aliziwekea pakiti za simu alama ya sauti, ile ambayo mafundi wa mitandao duniani kote huijua kwa tarakimu 46, maana yake kwamba pakiti hii haipendi kungoja. Kisha akamwomba mwenzake aliye Nairobi, anayetumia mtandao mwingine, azikamate pakiti hizo zinapofika na kuzisoma. Zote zilifika zikiwa na sifuri. Alama ilikuwa imefutwa njiani, na baada ya kuuliza mara kadhaa aliambiwa kwamba hufutwa mlangoni, pale pale anapounganishwa na muuzaji wake, na kwamba huo ni utaratibu kwa wateja wote wa daraja lake. Iko njia nyingine, akaambiwa, ambamo alama huheshimiwa. Lakini bei yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni bei ya benki na hoteli kubwa, si ya mtu anayewauzia wapangaji. Manung'uniko yake hayahusu ughali wa njia hiyo njema, kwani anakubali kwamba kizuri hugharimu. Anachonung'unikia ni kwamba katika karatasi aliyotia saini hapana hata neno moja lililomwambia kwamba maombi ya wateja wake yatafutwa kabla ya kusomwa.

Malalamiko ya mtu mmoja hayathibitishi desturi ya biashara nzima, na mwandishi huyu hadai kwamba yanathibitisha. Walakini kufutwa kwa alama mipakani ni jambo la kawaida katika mitandao ya nchi nyingi, wala si hila ya Afrika Mashariki peke yake, na lina sababu ambayo ni haki kuisema kabla ya kuwashutumu wauzaji. Lau alama ya haraka ingeheshimiwa bure na bila ya kuhojiwa, kila mtunzi wa programu angeibandika juu ya kila pakiti yake, ya mchezo, ya tangazo, ya filamu, na katika muda mfupi wote wangekuwa na haraka, na neno haraka lisingekuwa na maana tena. Mhandisi yeyote anayefuta alama za wageni anajikinga na hatari hiyo, na hatari hiyo ni ya kweli.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Waya wa telegrafu uliotandikwa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, ukiiunganisha na Aden kwa upande wa kaskazini na Msumbiji na Durban kwa upande wa kusini. Na katika biashara ya telegramu, kadiri ilivyoendelea, taarifa ya haraka ilitozwa ada kubwa kuliko taarifa ya kawaida, mwenye haraka akalipa, karani akaitanguliza, na ada yenyewe ikawa ndiyo inayomzuia mtu kusema uongo juu ya haraka yake. Waliotunga kanuni za intaneti mwaka 1981 hawakulisahau jambo hilo kabisa, maana katika kichwa cha kila pakiti waliacha nafasi ya biti nane ambamo mtumaji angeweza kuandika umuhimu wa pakiti yake kwa daraja nane, na kueleza pia kama anataka kuchelewa kuwe kudogo, au mapitio yawe makubwa, au uhakika wa kufika uwe mkubwa. Nafasi ya kuombea iliwekwa; kilichokosekana ni gharama ya kuomba. Mwaka 1997 wakaleta kanuni nyingine, ya programu kuweka nafasi mapema katika kila ruta ya njiani, jambo linalowezekana ndani ya ofisi moja lakini zito mno katika mikongo mikuu, ambako kila ruta ingelazimika kukumbuka mazungumzo ya watu kwa malaki. Mwaka uliofuata wakalegeza: biti sita, alama 64, makundi machache, na kila mtandao uwe huru kuzifasiri alama hizo ndani ya mipaka yake, bila ya kulazimika kumheshimia jirani. Uhuru huo ndio aliokutana nao mchuuzi wa Mombasa.

Inafaa sasa tuitazame foleni yenyewe kwa karibu, kwa kuwa wengi wanaoibishania hawajapata kuipima. Simu ya sauti kwa mtindo wake wa zamani na wa kawaida hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikibeba milisekunde 20 za maneno, na uzito wake pamoja na anwani zake ni baiti zipatazo 200, yaani kilobiti 80 kwa sekunde. Katika njia ya kupandisha yenye megabiti 2 hiyo ni sehemu moja tu katika 25. Simu haiombi nafasi kubwa, inaomba isingojeshwe. Pakiti ya filamu au ya faili linalopandishwa huwa na baiti 1,500, na katika njia hiyo hiyo huchukua milisekunde 6 kupita. Ikiwa kisanduku cha ruta kimetengenezwa kuweka pakiti 256 katika foleni kabla ya kuanza kuzitupa, na mtoto wa nyumba ya pili akapandisha video yake, pakiti ya sauti inayofika nyuma ya foleni hiyo itasubiri zaidi ya sekunde moja na nusu.

Linganisha na bahari. Nuru ndani ya kioo cha mkongo hukata kilomita zipatazo 200 kwa kila milisekunde moja, na mkongo wa kilomita zipatazo 5,000 ulioiunganisha Mombasa na Fujaira mwaka 2009 unavukwa kwa milisekunde 25. Kabla ya mwaka huo, tulipokuwa tukitegemea setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwenda na kurudi kulichukua zaidi ya nusu sekunde, na tulikuwa na haki ya kuulaumu umbali. Leo umbali hauna hatia. Anayekatikiwa na simu usiku katika Majengo hasumbuliwi na bahari ya Hindi, anasumbuliwa na kisanduku kilichotundikwa katika ngazi ya jumba lake, au kingine cha namna hiyo juu ya mnara. Na wale wanaojibu kila lalamiko kwa kusema, ongeza uwezo, wangefaa kuifanya hesabu hiyo hiyo kwa megabiti 4: foleni ile ile itachukua robo tatu ya sekunde, ambayo ni mara tano ya kiasi ambacho wataalamu wa simu wanakikubali.

Kiasi hicho ni milisekunde 150 kwa safari ya kwenda peke yake, na kikomo cha kutovukwa katika mipango ni 400. Ni kanuni ya kimataifa, ya siku nyingi, na afisa mmoja wa usimamizi wa mawasiliano, ambaye naye hakutaka kutajwa, aliishikilia sana katika mazungumzo. Hoja yake ni kwamba mitandao ikipimwa, wastani wake uko ndani ya 150, kwa hiyo hapana dharura ya kutunga kanuni mpya juu ya maombi ya programu. Na kwamba malalamiko mengi, akiyachunguza, huyakuta yanatokana na simu za bei nafuu na ruta za majumbani zilizokwisha kuzeeka. Katika hili la pili hakukosea kabisa. Katika lile la kwanza, hata hivyo, inabidi tumwombe atuonyeshe si wastani bali saa. Mtandao unaochelewesha kwa milisekunde 60 katika saa 20 za siku, na kwa milisekunde 500 katika saa nne za usiku, una wastani wa milisekunde 133, na kwa tarakimu hiyo umefaulu mtihani. Ilhali katika saa nne zile, ambazo ndizo saa ambazo familia huzungumza, haukuwa na simu inayosikika. Huo ni mfano wa hesabu tu, si kipimo cha kampuni yoyote, lakini unatosha kuonyesha kwa nini tarakimu moja ya mwaka haiwezi kumjibu mtu wa ghorofa ya tatu. Afisa huyo alikiri pia kwamba sehemu kubwa ya vipimo hufanywa kwa magari yanayopita barabarani na vyombo vyake. Na simu zinazolalamikiwa aghalabu hupigwa ndani ya nyumba zenye kuta nene, mbali na barabara hizo. Hakusema kwamba vipimo vitabadilishwa. Alisema kwamba vinatazamwa.

Fauka ya hayo, si kweli kwamba mitandao haijapata kuikubalia programu yoyote ombi la kupishwa. Katika ufundi wa 4G kila mazungumzo hupewa daraja lake, na simu ya sauti ya kampuni yenyewe, ipitayo juu ya 4G, huwekwa katika daraja la kwanza, lenye kasi iliyodhaminiwa na kikomo cha milisekunde 100 ndani ya mtandao wa kampuni. Intaneti ya kawaida, ambamo simu za programu nyingine zote hupita, huwekwa katika daraja la tisa, lisilo na dhamana, na kikomo chake ni 300. Kwa hiyo sauti ni ile ile, masikio ni yale yale, na haja ya kutongoja ni ile ile, lakini moja imepishwa kwa kuwa ni ya mwenye nyumba. Kampuni zinajitetea kwamba sauti yao ni huduma yenye leseni, ambayo mtu akipiga 112 katika ajali ni lazima ipite, na kwamba aliye na wajibu huo astahili dhamana. Ni hoja yenye uzito, nami nisingependa kuiona dhamana ya simu za dharura ikiondolewa. Lakini haielezi kwa nini mazungumzo ya kawaida ya mteja anayelipia dakika yawe na haraka kuliko mazungumzo ya kawaida ya mteja anayelipia bando, hasa wakati huu ambapo wengi wa wateja wanaozungumza na jamaa walio ng'ambo hawapigi tena kwa dakika.

Wako wanaosema kwamba mtandao hauhitaji kuombwa, kwani una vyombo vya kuchungulia na kutambua wenyewe kipi ni simu na kipi ni filamu, kisha uipishe simu. Watu wa kanda hii wanayo sababu ya kuogopa rai hiyo. Mwezi wa Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii, na kampuni zikatakiwa kuzitambua programu hizo na kuzifunga mpaka mtumiaji alipe. Watu wengi wakazificha safari zao ndani ya VPN, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikawekwa badala yake kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Jambo lililobaki ni mazoea ya kujificha, na simu iliyofichwa ndani ya VPN hapana chombo kinachoitambua kuwa ni simu. Kwa upande wa Ghuba, familia za pwani zenye jamaa katika Emirati na Omani zinajua kwa miaka mingi kwamba ujumbe wa maandishi hupita na picha hupita, lakini simu ya programu isiyo na leseni huzuiwa au hubanwa. Jicho linaloitambua simu ili liipishe ndilo hilo hilo linaloitambua ili liizuie. Na anayeukabidhi mtandao jicho hilo kwa ajili ya wema leo hana dhamana ya wema wa kesho. Isitoshe, sehemu kubwa ya intaneti sasa husafiri imefungwa kwa maandishi ya siri, na kanuni mpya ya usafirishaji iliyochapishwa mwaka 2021 huficha hata yale machache yaliyokuwa yakisomeka nje, hivi kwamba kuchungulia kunageuka kuwa kubahatisha.

Basi ikiwa kukubali bure kunaleta uongo, na kuchungulia kunaleta dhulma, inabaki kuomba kwenye gharama ndani yake, na gharama hiyo si lazima iwe fedha. Hii ndiyo rai ambayo mwandishi huyu anaiona kuwa ya insafu, na wala si yake, kwa kuwa mafundi wamekuwa wakiijadili kwa miaka mingi. Mtandao uwe na foleni mbili. Ya kwanza ni fupi, haichelewi, lakini haina subira: anayeingia humo akileta pakiti nyingi kwa mkupuo, zinazozidi hutupwa au huhamishiwa katika foleni ya pili. Ya pili ni ndefu, ina subira, humpokea mwenye mzigo mkubwa na kuupitisha wote, ila kwa kungoja. Foleni hizo zigawane njia kwa kadiri ya wasafiri waliomo, isiwepo iliyo juu ya mwenziwe. Hapo simu, ambayo pakiti zake ni chache na za mpangilio, itachagua ya kwanza na itafaidika. Filamu ikidanganya na kuingia humo, itapoteza pakiti zake na kuchelewa kuliko kama ingalisema kweli. Ombi linakuwa mabadilishano: nipe wepesi, nami nakuachia wingi. Hapana haja ya kumhoji muombaji ni nani, wala ya kufungua alichokibeba, wala ya kumtoza shilingi, wala ya kuifuta alama yake mlangoni, kwa maana alama haimpi mtu upendeleo ambao mwingine ananyang'anywa.

Si ndoto. Programu huria ya kugawa foleni, inayompa kila msafiri mstari wake mdogo na kuwatanguliza wale wasiolundikana, ilichapishwa kuwa kanuni ya majaribio mwaka 2018 baada ya kutumika kwa miaka, nayo imo katika ruta nyingi zinazouzwa madukani, ijapokuwa mara nyingi haikuwashwa. Kanuni za foleni mbili zilizo karibu sana na hii niliyoieleza zilichapishwa mwaka 2023. Vifaa vipo na elimu ipo. Kisichokuwapo ni muuzaji wa jumla mwenye sababu ya kibiashara ya kuviwasha, kwa kuwa ubora ukishakuwa wa wote, kile cha kuuzwa kwa bei ya hoteli hupungua thamani. Mchuuzi wa Mombasa anaamini kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Mimi naiona kuwa sababu mojawapo, na uvivu wa kubadilisha mipangilio inayofanya kazi ni nyingine, na huenda ndiyo kubwa zaidi.

Sheria za ng'ambo hazitupi mwongozo mmoja. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliruhusu mitandao kuyatofautisha makundi ya safari kwa kufuata haja zao za kiufundi zinazoweza kuthibitishwa, na si kwa kufuata faida, na ukaruhusu huduma maalumu pembeni kwa sharti zisiidhuru intaneti ya watu wote. Ni lugha nzuri, na ugumu wake uko katika kuthibitisha madhara. India mwaka 2016 ilipiga marufuku bei tofauti kwa yaliyomo tofauti. Marekani iliweka kanuni mwaka 2015, ikaziondoa mwaka 2017, ikazirudisha mwaka 2024, na mahakama ya rufaa ikazitangua Januari 2025. Sheria zetu za Tanzania na Kenya zina kanuni za ubora wa huduma, zenye vipimo vya simu kukatika na vya ujumbe kufika, lakini suali la alama za programu, nani anaruhusiwa kuzifuta na kama ni lazima amwambie mteja, halionekani kuwashughulisha sana wanaoziandika.

Na muda hautungoji, kwa maana biashara imekwisha kuanza kulijibu kwa njia yake. Ufundi wa 5G, uliowashwa kibiashara Tanzania na Kenya mwaka 2022, unamwezesha mwenye mtandao kuukata mtandao mmoja vipande vingi, kila kipande na sifa zake, na kumuuzia kila mnunuzi kipande chake. Kwa kiwanda, bandari au hospitali huenda hilo ni jambo jema kweli. Kwa wanunuzi wa bando linategemea kile kitakachobaki baada ya vipande kukatwa. Mwezi wa Mei 2024 mikongo miwili ilipokatika baharini kusini mwa pwani yetu, na nchi kadhaa za kanda hii zikabaki na sehemu tu ya uwezo wao, tuliona jinsi uhaba unavyolazimisha uchaguzi, ijapokuwa wateja hawakuelezwa uchaguzi huo ulifanywa kwa kanuni gani. Siku uhaba wa namna ile utakapokutana na vipande vilivyokwisha kuuzwa kwa mkataba, mwenye mkataba atapishwa kwanza, na waliobaki watagawana salio.

Matarajio, kwa hiyo, ni ya kusema kwa tahadhari. Inaelekea njia zenye dhamana zitaongezeka na bei yake itashuka kidogo kidogo, kwanza Nairobi na Dar es Salaam, katika majengo ya ofisi, kisha kwingineko. Inaelekea pia kwamba ruta mpya zitakazokuja zitakuwa na foleni fupi bila ya yeyote kuamuru. Kama wauzaji wa jumla wataacha kuzifuta alama kwa hiari yao, sioni dalili. Kama wasimamizi watapima saa za usiku na kutangaza matokeo yake kwa mtaa, afisa yule hakuahidi, na sina budi kumchukua kwa neno lake.

Mchuuzi wa Mombasa hakungoja. Ameiwasha ile programu huria katika ruta yake, na safari za kupanda zimetengenea, ila foleni ya safari za kushuka iko kwa muuzaji wake, mahali asipoweza kuigusa. Basi ili foleni hiyo ihamie kwake, ameibana njia yake mwenyewe chini kidogo ya kasi anayoilipia, na kila mwezi anapoteza sehemu ya kile alichokinunua ili simu za wateja wake zisikike. Mkataba wake unakaribia kwisha, naye ameomba katika mkataba mpya kiingizwe kifungu kwamba alama za pakiti zake zisifutwe, au zikifutwa aarifiwe. Wakala aliyemletea karatasi amemjibu kwamba fomu haina nafasi ya kifungu hicho, na kwamba atauliza.